Mteja wa Kwanza wa Dirisha la Tatu

Wasomaji wanaopenda ramani wanaombwa wasijisumbue. Jamhuri ya Kumbwere haimo katika ramani yoyote, na hilo si kosa la wachora ramani: fomu ya kuomba kuwekwa ramanini ingali mezani kwa Katibu Mkuu, ikisubiri sahihi ya pili.

Nchi hii, ambayo haifanani hata kidogo na nchi anayoishi msomaji, ilijadili suala la uraia wa nchi mbili kwa miaka kumi na mmoja. Wabunge walihofia kwamba mtu mwenye nchi mbili atakuwa na moyo nusu nusu. Mheshimiwa mmoja alisimama akauliza, iwapo nchi hizo mbili zitakutana kwenye mpira, mtu huyo atavaa jezi ipi. Kikao kikaahirishwa kwa wiki sita ili swali hilo lifanyiwe utafiti. Hatimaye sheria ilipita alasiri moja, baada ya chakula cha mchana chenye pilau, kwa kauli moja na usingizi mmoja. Kifungu chake cha nne kilisema: "Mtu mwenye uraia wa nchi mbili atahesabiwa kuwa watu wawili katika shughuli zote za Serikali, isipokuwa katika kupiga kura, ambapo atahesabiwa kuwa nusu."

Wana wa Kumbwere walioishi ng'ambo waliisoma sheria hiyo, wakaishukuru Serikali yao sikivu, kisha wakaendelea kufanya kama walivyofanya siku zote: kuonyesha pasipoti moja na kuificha ya pili ndani ya soksi.

Isipokuwa mmoja.

Mwalimu Gaudensi Malendeka alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupiga mstari bila rula. Alihitimu Chuo cha Ualimu cha Itumbula, akafundisha somo la uraia kwa miaka kumi na minane, kisha akaenda Ufalme wa Halsinga, nchi ya baridi ambako watu hupanga foleni hata wakiwa peke yao. Huko alijiona amefika kwao. Wahalsinga walimpa kazi, miaka ikapita, wakampa uraia, na siku ya kula kiapo aliwaomba radhi kwa heshima zote akawaonyesha kwamba picha ya mfalme wao imening'inizwa upande.

Sasa alikuwa ndani ya ndege, Ijumaa asubuhi, akirudi Kumbwere kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Kesho yake saa sita mchana mpwa wake Klotilda, binti wa dada yake mkubwa Veneranda, angeolewa. Na kwa desturi ya watu wa Itumbula binti hatoki nyumbani mpaka mjomba wake aketi kizingitini, anyooshe mguu wake wa kulia kuuziba mlango, na akatae mara tatu kuuondoa huku wakwe wakimbembeleza. Mara ya nne hukubali, mguu huondolewa, na binti hupita. Mguu huo hauazimwi wala haukodishwi; sharti uwe wa ndugu aliyezaliwa tumbo moja na mama wa bibi arusi. Usipokuwapo, wakwe hugeuza magari yao wakarudi walikotoka, na jambo lenyewe huhesabiwa kuwa halikuwahi kuzungumzwa. Veneranda alikuwa na ndugu mmoja tu wa kiume, na ndugu huyo alikuwa na miguu miwili tu, yote ikiwa ndani ya ndege.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Mwalimu hakulizungumza na mtu. Mama yao alipofariki, miaka mitatu iliyopita, hakuja kuzika. Hati zake za Halsinga zilikuwa zikibadilishwa na ofisi ilikuwa imemwandikia asisafiri mpaka zikamilike. Watu wengine wangesafiri. Yeye alisubiri. Zilikamilika siku ya arobaini.

*

Kwenye kiti cha pembeni yake alikaa Bi. Mwanakheri, mfanyabiashara wa vitenge, mama wa makamo aliyekuwa amevua viatu kabla ndege haijaondoka, na kumhoji jirani yake mpaka akajua kazi yake na arusi ya kesho. Alimwona Mwalimu akitoa pasipoti mbili kwenye bahasha, moja ya rangi ya maharage na moja ya bluu, na kuzilinganisha kingo zake.

"Mwalimu, hizo zote mbili unazipeleka wapi?"

"Nitazionyesha."

"Kwa nani?"

"Kwa Serikali."

Bi. Mwanakheri alimtazama kama anavyotazamwa abiria aliyepanda ndege na baiskeli. "Baba, mimi huu mwaka wa ishirini napita pale. Moja mkononi, moja kwenye soksi. Na soksi iwe ndefu, siyo hizo zako za shule."

"Lakini sheria, mama, katika kifungu cha nne..."

"Hicho kifungu hakina arusi kesho. Mwenye arusi ni wewe."

Mwalimu alitabasamu lile tabasamu la subira ambalo wanafunzi wake waliliogopa kuliko fimbo, akamweleza kwa dakika ishirini tofauti iliyopo kati ya sheria na mazoea. Bi. Mwanakheri alisinzia katika dakika ya tatu. Mwalimu aliendelea hadi mwisho, kwa kuwa somo halikatizwi.

*

Ukumbi wa kuwasili ulikuwa na madirisha matatu. La kwanza lilikuwa la wenyeji, la pili la wageni, na yote mawili yalikuwa na foleni zilizojikunja. Dirisha la tatu lilikuwa na zulia jekundu, ua la plastiki, kamba ya foleni iliyong'arishwa, na jiwe lenye maandishi ya dhahabu: "Idara ya Uraia Maradufu. Imezinduliwa na Mheshimiwa Waziri." Hapakuwa na mtu hata mmoja mbele yake. Nyuma ya kioo mama mmoja aliyevaa sare alikuwa akifuma kitambaa cha meza, na kitambaa hicho kilikuwa kimeshavuka meza, kikashuka sakafuni, kikaingia chumba cha pili.

Mwalimu alipita mwanzo wa kamba, akazunguka kona zake zote saba ingawa alikuwa peke yake, akasimama nyuma ya mstari wa njano mpaka alipoitwa. Hakuitwa. Baada ya robo saa alikohoa.

"Wenyeji pale, wageni pale," alisema yule mama bila kuinua macho.

"Samahani, mimi ni wa hapa."

Alizisukuma pasipoti zote mbili chini ya kioo. Sindano za kufumia zikaanguka.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Zako?"

"Zangu."

"Hakuna aliyekukamata? Umezitoa mwenyewe?"

"Nimezitoa mwenyewe, kwa mujibu wa kifungu cha nne."

Mama yule aligeuka akaita kwa sauti iliyotetemeka: "Mkurugenzi, amekuja."

Ikumbukwe kwamba Idara hiyo ilikuwa na watumishi kumi na wanne, akiwamo mkalimani na mtunza kamba, na kwamba kwa miaka mitatu hakuna mteja aliyewahi kukanyaga zulia lake. Wote kumi na wanne walitoka wakajipanga. Mbele yao alisimama Mkurugenzi, Dakta Apolinari Mbwilo, mtu mnene mwenye karatasi ya hotuba iliyokwisha kupauka kwa kusubiri.

"Ndugu raia, na wewe ndugu mgeni," alianza, akilitazama kwanza bega la kulia la Mwalimu na kisha la kushoto, "kwa niaba ya Serikali, kwa niaba ya Wizara, na kwa niaba yangu mimi niliye niaba ya hao wote, karibuni. Maadui wa maendeleo walisema hamtakuja. Waliandika magazetini kwamba Idara hii inakula bila kulima. Leo tumewajibu kwa takwimu. Jana tulikuwa na wateja sifuri, leo tuna wawili. Huo ni ukuaji ambao hata mtakwimu wetu, kijana msomi, amekaa akipiga hesabu na kushindwa kuutafutia asilimia."

Walipiga makofi. Mtakwimu aliinamisha kichwa. Mwalimu alinyoosha kola yake, kwa maana alikuwa ameupenda utaratibu maisha yake yote, na hii ilikuwa mara ya kwanza kwa utaratibu kumpenda yeye.

Kando ya ukumbi Bi. Mwanakheri alikuwa akitoka kwenye dirisha la kwanza, akichechemea kidogo kwa unene wa soksi. Alimwona Mwalimu akivishwa shada la maua ya plastiki, akatikisa kichwa, akaenda zake.

*

Utaratibu ulikuwa rahisi, na Bi. Editruda, Mkuu wa Kitengo cha Mahojiano, aliueleza kwa ufasaha. Mgeni haingii Kumbwere bila mwenyeji wa kumkaribisha. Raia angemwandikia mgeni barua ya mwaliko, mgeni angeijibu barua hiyo, kisha kila mmoja angehojiwa kwenye kiti chake ili Idara ijiridhishe kwamba wanapatana.

Mwalimu aliandika barua ya mwaliko. Akahamia kiti cha pili akaipokea, akaisoma, akaona aya ya pili ingeweza kuboreshwa, akairudisha. Akahamia kiti cha kwanza akaiandika upya. Hayo yalichukua saa moja na nusu, na ni haki kusema kwamba Idara haikumtaka afanye hivyo.

"Raia," alisema Bi. Editruda, "unamfahamu mgeni huyu tangu lini?"

"Tangu alipopewa uraia. Miaka mitatu kasoro."

"Tabia yake ikoje?"

Mtu mwingine yeyote angesema "njema" akaenda arusini. Lakini Mwalimu Gaudensi alikuwa amejaza ripoti za wanafunzi kwa miaka kumi na minane na hakuwahi kumpa mtu alama asiyostahili, hata mtoto wa mkaguzi wa shule, jambo ambalo ndilo lililomfanya afundishe katika shule sita tofauti. Alifikiri kwa makini.

"Wastani," alisema.

"Fafanua."

"Ni mchapakazi, msafi, hachelewi. Ila anajiona. Hupenda kuwasahihisha watu, hata waliomzidi umri. Na ofisi ikimwambia asubiri, husubiri hata pale ambapo mtu mwenye moyo angeondoka."

Bi. Editruda aliinua kalamu. "Hayo ya mwisho niyaandike kweli, Mwalimu?"

"Andika. Ndivyo alivyo."

Zamu ya mgeni ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu kanuni zilikataza mgeni kuhojiwa kwa Kiswahili. Mkalimani, Bwana Fulgensi, alikuwa ameajiriwa kwa ajili ya Kihalsinga, na kwa miaka mitatu alikuwa na nia thabiti ya kujifunza. Kwa hiyo Bi. Editruda aliuliza kwa Kiswahili. Mwalimu akamfundisha Fulgensi namna ya kulisema swali hilo kwa Kihalsinga. Fulgensi akamuuliza Mwalimu. Mwalimu akajibu kwa Kihalsinga, akamweleza Fulgensi maana yake. Fulgensi akamweleza Bi. Editruda. Kazi ingekwenda haraka laiti Mwalimu asingemrudisha Fulgensi mara kwa mara kwa sababu ya matamshi.

"Tena," alimwambia. "Ulimi ubaki nyuma ya meno."

"Mwalimu, si tuendelee tu? Mimi nimekuelewa."

"Umenielewa, lakini hujasema."

Swali la mwisho lilikuwa kama mwenyeji, yaani yule raia, ni mtu wa kutegemewa. Mwalimu alinyoosha kiti cha pili mpaka kikalingana na cha kwanza. Fulgensi alijaribu kumsaidia.

"Sema ndiyo, tumalize."

"Kwa mambo ya ofisini anategemewa," Mwalimu alijibu pole pole. "Kwa mambo ya nyumbani, sivyo. Alimwachia dada yake mama mgonjwa, naye akawa anatuma barua zilizopangika vizuri."

Fulgensi aliyafikisha maneno hayo bila kukosea hata moja, na Mwalimu, ambaye kwa desturi angempongeza, hakumpongeza.

*

Saa nane mchana Dakta Mbwilo alirudi na majalada mawili na uso wa majonzi ya kikazi.

"Ndugu zangu, tuna mgogoro. Raia amemshutumu mgeni, na mgeni amemshutumu raia. Serikali haiwezi kuruhusu mgeni aingie kwa mwenyeji anayemsema vibaya, wala haiwezi kumkabidhi raia wake kwa mgeni anayemsimanga. Suala hili limepelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi."

"Baraza linakaa lini?"

"Jumanne."

"Mheshimiwa Mkurugenzi, arusi ni kesho."

"Na sisi tunaitakia kila la heri." Dakta Mbwilo alisogea karibu. "Ipo njia ya dharura. Mmoja wenu atoke, mwenzake abaki hapa kama dhamana."

"Basi nitoke mimi, abaki yeye."

"Wewe ndiye yupi?"

Mwalimu alisema raia. Wakamfungulia mlango raia, mgeni akaambiwa abaki. Lakini mgeni alitoka naye. Wakawarudisha wote wawili. Mara ya pili alitoka mgeni, na raia akamfuata unyounyo. Naibu Mkurugenzi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akashuhudia, na katika taarifa yake aliandika kwamba kwa watu wanaogombana, hawa wawili wana umoja wa kutilia shaka.

Ndipo simu ya Mwalimu ilipolia. Alikuwa Veneranda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Uwanja wa ndege. Nimeshafika."

"Ndege imetua saa mbili. Sasa hivi ni saa nane na nusu. Umefikaje na hujatoka?"

"Ni suala la kiutaratibu, dada. Kwa ufupi, kifungu cha nne..."

"Gaudensi, usinifundishe. Nimesonga ugali wa watu hamsini waliolala hapa, na kila mmoja ananiuliza mguu uko wapi. Niwaambie nini?"

Dakta Mbwilo, aliyekuwa akisikiliza kwa adabu umbali wa hatua moja, aliomba simu hiyo, akaiweka sauti ya wote kusikia, akasafisha koo.

"Mama, hapa ni Serikali. Je, unawafahamu watu hawa wawili?"

"Wawili gani?"

"Raia Gaudensi Malendeka, na mgeni wa jina hilo hilo kutoka Halsinga."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za sufuria, kisha zikakoma. "Raia namfahamu. Nilimbeba mgongoni. Alikuwa analia nikimfunga kwa kanga iliyokunjamana."

Mtunza kamba alicheka, akatazamwa, akanyamaza.

"Na mgeni?"

"Huyo naye namfahamu. Ananipigia simu kila Jumapili saa kumi kamili, dakika kumi, kisha anasema muda umekwisha."

"Vizuri sana. Sasa, mama, kati ya hao wawili ni yupi unayemhitaji arusini?"

Veneranda alipojibu, hakuwa akiongea na Serikali tena. "Mimi namtaka yule ambaye hakuja kumzika mama. Huyo ndiye nataka kumwona amekaa mlangoni kwangu. Sijui ninyi mnamwandika kwa jina gani."

Simu ikakatika.

*

Idara ilichangamka. Shahidi alikuwa amepatikana, amewatambua wahusika wote wawili, na ameeleza anayemtaka. Lililobaki lilikuwa kujaza fomu. Bi. Editruda aliitoa kwenye karatasi ya nailoni, kwa kuwa ilikuwa mpya tangu ichapwe. Ilikuwa fomu nzuri. Hata katika dhiki ile Mwalimu aliona pambizo zake zilivyolingana. Katikati palikuwa na swali alilolijaza Bi. Editruda kwa mwandiko wa kuvutia: "Nani hakuhudhuria mazishi ya mama?" Chini yake visanduku viwili: Raia. Mgeni.

"Weka alama moja tu," alisema Dakta Mbwilo kwa upole. "Utakayemwekea alama anatoka sasa hivi, na safari hii tutamfunga kamba yule anayebaki. Kitu kidogo sana."

Mwalimu alishika kalamu. Alianza na kisanduku cha raia, akasita. Raia alikuwa na kisingizio safi: hati za kigeni ndizo zilizomzuia. Akaelekea kisanduku cha mgeni, akasita tena. Mgeni naye alikuwa na chake: msiba ule ulikuwa wa nchi nyingine, mbali, na maisha ya Halsinga hayakusimama. Mwalimu alivitazama visanduku hivyo kwa muda mrefu, na kwa aibu aliyokuwa ameikwepa kwa miaka mitatu akavitambua. Alikuwa amevikalia vyote viwili. Dada yake alipouliza, alikuwa ni raia aliyezuiwa. Alipojiuliza mwenyewe, alikuwa ni mgeni asiyehusika. Wakati wote huo mama yao alizikwa na watu wengine, naye alikuwa kwenye kiti, akisubiri barua ya ofisi.

"Ni yupi, Mwalimu?" aliuliza Bi. Editruda.

"Ni mimi."

"Mimi yupi?"

"Mimi."

"Hakuna kisanduku cha mimi."

"Naona," alisema Mwalimu. Kisha akafanya jambo ambalo wanafunzi wake wa miaka kumi na minane, wakisimuliwa, hawatalisadiki. Bila rula aliandika kwa herufi kubwa, kuanzia kisanduku cha kwanza, kupita katikati, hadi nje ya kisanduku cha pili na kuingia pambizoni: NI MIMI. Mstari ulipanda kama mlima. Nukta akaisahau.

Watumishi kumi na wanne walivuta pumzi kwa pamoja. Fulgensi aliziba macho.

"Ameharibu fomu," alisema Naibu Mkurugenzi.

"Mwalimu," Dakta Mbwilo alimsihi, na sauti yake sasa haikuwa na niaba ya mtu, "tafadhali. Ninyi ndio wateja wetu pekee. Chukua fomu nyingine. Tunazo elfu nne."

"Ahsante, Mkurugenzi. Hii inatosha."

Hapo ikabidi kanuni zisomwe, na Bi. Editruda, aliyekuwa mtumishi mwadilifu, akazisoma kwa sauti. Kanuni ya hamsini na moja ilisema: "Fomu iliyoharibiwa itatupwa, na aliyeiharibu ataondolewa katika eneo la ofisi bila kuchelewa." Haikusema aondolewe aende wapi. Eneo la ofisi lilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulitokea kwenye kituo cha teksi.

Askari wawili waliletwa, mmoja kwa kila mtu. Walimshika Mwalimu mkono wa kulia na mkono wa kushoto, wakamtoa na begi lake na pasipoti zake, ambazo kwa kukosa fomu hazikugongwa muhuri wowote. Taarifa ya mwaka ya Idara, ambayo baadaye ilisifiwa sana bungeni, iliandika hivi: "Wateja waliofika: wawili. Waliohudumiwa: wote. Walioingia nchini: hakuna."

*

Jumamosi saa sita mchana mtu ambaye hakuwamo nchini aliketi kwenye kizingiti cha nyumba ya Veneranda huko Itumbula, akanyoosha mguu wake wa kulia, akauziba mlango.

Alikuwa amefika jioni ya jana yake. Veneranda alimpokea begi, akamwambia chakula kimepoa, akaingia jikoni. Na tangu hapo hawakuwa wamepata nafasi ya kuzungumza, au walikuwa wamepata na hawakuitumia. Sasa wakwe walikuwa uani na suti zao, mshenga wao ametangulia mbele, mzee mwembamba mwenye maneno mengi.

"Mjomba, tumetoka mbali. Tunaomba njia."

"Sijawasikia," alijibu Mwalimu, kama desturi ilivyotaka. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

Mara ya pili mshenga aliwasifu wazee wa ukoo lakini akaruka jina la bibi mzaa baba. Mjomba mwingine angelipuuza jambo hilo kwa sababu ya jua. Mwalimu alimwomba arudie tangu mwanzo. Mara ya tatu mshenga alianza vizuri, akachanganya mpangilio wa vizazi, na Mwalimu, kwa upole mwingi, akamrudisha kwenye kizazi cha pili. Jua lilisogea. Bwana arusi alifungua vifungo viwili vya shati. Ndani Klotilda alisikika akisema, "Mjomba huyu atanizeesha humu," na mashangazi wakacheka.

Hatimaye, baada ya saa moja na dakika arobaini, mshenga aliomba njia kwa mara ya nne.

"Nimewasikia," alisema Mwalimu. "Piteni."

Mguu haukuondoka.

Wakwe walingoja. Mshenga alimtazama, akainama, akasema kwa heshima, "Tumeshukuru, mjomba. Tunaomba basi huo mguu." Mwalimu aliutazama mguu wake kama mwanafunzi aliyemwita jina naye hasimami. Aliuamrisha kimoyomoyo. Ulikuwa umekufa ganzi kuanzia kiunoni hadi ukucha.

Uani minong'ono ikaanza. Amekataa mara ya tano. Tangu Itumbula iwe Itumbula hakuna mjomba aliyewahi kukataa mara ya tano. Wazee wa upande wa bibi arusi, ambao asubuhi walikuwa wakinung'unika kwamba mjomba wa ng'ambo hataijua kazi, walijaa kiburi wakaanza kutazama juu. Upande wa wakwe walikaa kikao cha haraka chini ya turubai. Mshenga alirudi na sifa mpya, ambazo ilikuwa dhahiri anazitunga hapo hapo: mjomba ngao, mjomba mlima, mjomba asiyenunulika. Mwalimu aliyasikiliza hayo yote kwa uso mtulivu, jasho likimtiririka mgongoni.

Veneranda alitoka ndani kuona kuna nini. Alisimama nyuma ya mdogo wake, akautazama mguu, kisha akainama akamtazama usoni. Akapiga magoti kizingitini na kitenge chake kipya.

"Umekufa ganzi," alisema kwa sauti ya chini.

"Tangu mara ya pili."

"Na hukusema."

"Mshenga alikuwa bado hajamaliza vizazi."

Veneranda akaushika ule mguu kwa mikono miwili, mmoja chini ya goti na mmoja kisiginoni, akauinua, akaurudisha ndani taratibu kando ya mwenzake. Vigelegele vililipuka. Klotilda alipita juu yao wote wawili, akamwekea mjomba wake mkono kichwani kidogo, akatokea kwenye mwanga, na uani kote wakamfuata kwa ngoma hadi kwenye magari. Mlangoni walibaki wawili. Veneranda hakuuachia mguu. Alikuwa akiuchua kwa viganja, kwa nguvu, kama anayekanda unga.

"Mama angekucheka," alisema.

"Najua."

"Angekucheka mpaka akae chini." Aliendelea kuchua. "Kesho nitakupeleka ukamwone. Nimempandia maua, yameota ovyo ovyo, usije ukaanza kuyapanga."

"Sitayapanga." Damu ilikuwa imeanza kurudi, na maumivu yake yalikuwa kama sindano elfu. "Tutaondoka saa ngapi?"

"Tukiamka."

Mwalimu alifungua mdomo ili aulize watu wa nyumba hiyo huamka saa ngapi, akaufunga.